Filimbi ya Mume Wangu Nimeificha Kwenye Kopo la Unga

Admin, nifichie jina. Garsen ni ndogo na mume wangu anajulikana na kila mtu.

Nina miaka ishirini na tatu, nilimaliza kidato cha nne, na niliolewa miezi miwili iliyopita. Hina bado haijatoka kwenye kucha. Jamani, nampenda huyu mwanamume mpaka naona aibu. Nikisikia pikipiki yake ikikata kona, moyo unaruka. Asubuhi ananichemshia chai ya maziwa yeye mwenyewe, ananiita nuru yangu. Sikujua naweza kumkasirikia mtu ninayempenda hivi.

Jumamosi huwa anachezesha basketi ya vijana. Juzi ilikuwa timu ya mdogo wangu, nimwite Amina, ana miaka kumi na sita. Nikimpigia pasi shati lake la refa nikamwambia, "Mpenzi, usije ukampendelea Amina. Watu watatusema." Akacheka, akanibusu mkono.

Mechi haijafika mbali, msichana mmoja wa timu ya wageni akamtia Amina kiwiko cha mbavu. Mume wangu akapiga filimbi, haki kabisa. Uwanja ukalipuka.

"Weh refa, hiyo ni faulo au ni mahari?"

"Shemeji ameguswa! Mleteeni soda!"

"Mwacheni, asipopiga leo atalala nje!"

Hata mimi nilicheka. Mungu anisamehe.

Kuanzia hapo filimbi ikafa. Kiwiko cha pili, kimya. Amina akamgeukia, "Refa, huyu ananiumiza!" Akamjibu, "Cheza." Cha tatu kilimkuta hewani akienda kufunga. Akaangukia mkono kwenye simiti. Mlio wa ule mfupa niliusikia pale nilipokuwa nimekaa.

Hospitalini Mama akaniuliza, "Mkwe wangu alikuwa umbali gani?"

"Hatua mbili, Mama."

"Na filimbi?"

"Mdomoni."

Mama akajifunika leso usoni.

Nyumbani mume wangu akaniambia, "Nuru yangu, basketi ni kugongana. Aliyempiga ni yule msichana, si mimi. Na wewe mwenyewe ulisema watu watatusema."

Hapo ndipo nilipowaka! Nilisema asimpendelee, sikusema amwache avunjwe! Kocha anataka ushindi, sisi watazamaji tunataka kelele. Wa kusema "basi" ni mmoja tu, na ndiye aliyepewa filimbi. Angemtoa yule msichana kwenye kiwiko cha pili, leo Amina angekuwa darasani anaandika kwa mkono wake. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, angepiga, namjua. Alinyamaza kwa sababu ni shemeji yake, akaogopa kuchekwa.

Mpaka leo hajaenda kumwomba Amina msamaha. Anasema akienda atakuwa amekubali kosa. Na Jumamosi hii amepangiwa watoto wa chini ya miaka kumi na nne!

Filimbi nimeizika kwenye kopo la unga. Jana aliitafuta chini ya kitanda na kwenye mifuko ya suruali zote, kisha akanikumbatia kwa nyuma. "Nuru, hujaiona?" Nikasema sijaiona, na vidole vyangu vyeupe kwa unga.

Ndugu zangu, nishaurini. Nimrudishie, au akae bila filimbi mpaka aingie kwa Mama, amtazame Amina, amwambie, "Niliona, nikanyamaza"?