Makubaliano ya Asilimia Mia Moja

Saada Jamali ana miaka hamsini na mmoja, na nusu ya hiyo ameimaliza akitazama damu za watu wa Nachingwea kwenye darubini. Ana kazi ya pili, isiyo na mshahara, ambayo ni ngumu kuieleza ukiwa msibani: yeye na wenzake hukusanya tafiti zote zilizofanywa kuhusu kipimo cha haraka cha malaria, huzichuja, kisha husema kinawanasa wagonjwa wangapi na kinawaacha wangapi. Ubaya ni kwamba dunia haiachi kufanya tafiti. Mapitio yao ya mwisho, yaani majumuisho ya tafiti hizo, yalitoka mwaka 2018, na kwa umri wa mapitio, huo ni uzee.

Mwaka huu alikuwa na haraka. Kituo chake cha afya huagiza vipimo mara moja kwa mwaka, na aina waliyonayo ilikuwa ikiwapa majibu safi watoto wa kijiji cha Ruponda ambao darubini iliwakuta na vimelea.

"Nionyeshe mapitio mapya, nibadilishe aina," alisema mganga mfawidhi. "Oda inaondoka Ijumaa."

Sheria ya mapitio inataka watu wawili wasome kila utafiti na kuamua kama unafaa, kila mmoja peke yake bila kuchungulia kwa mwenzake, ndipo walinganishe. Msomaji wa pili alikuwa Penina, muuguzi aliyehamia na ndugu zake wafugaji kutoka kanda ya ziwa, akakaa kwa Saada miezi minne kabla ya kupata chumba. Jumanne walimaliza. Jumatano akapiga simu Fidelis, mratibu wao aliyeko Dar es Salaam.

"Mama, mmekubaliana kwenye tafiti zote mia nne na kumi na mbili."

"Alhamdulillahi."

"Hapana, mama. Hata mapacha hawakubaliani hivyo. Siwezi kuyapokea."

Saada akamfuata Penina wodini.

"Wewe, uliangalia karatasi yangu?"

"Niliangalia, dada."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tumepishana mahali thelathini na moja. Nimekula ugali wako, nimelala kwako, leo niandike umekosea, na jina langu niweke chini? Nikafuta ya kwangu."

"Penina! Kubisha ndiyo kazi yenyewe!"

"Ungeniambia kabla sijawa mgeni wako."

Wakaanza upya, mmoja maabara, mwingine stoo ya dawa, mlango umefungwa. Walipolinganisha, katika zile tafiti thelathini na moja, Saada ndiye aliyekuwa amekosea kumi na tisa, habari ambayo Penina aliifikisha kwa unyenyekevu wa kuudhi.

Walimaliza Jumatatu. Oda ilikuwa imeondoka Ijumaa saa nne asubuhi, vipimo aina ileile, vya mwaka mzima. Saada aliyapeleka mapitio hata hivyo. Mfawidhi alisoma ukurasa wa kwanza akiitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kazi nzuri sana, mama. Mwakani itatusaidia."

"Mwakani itakuwa imeshapitwa," alisema Saada, akarudi maabara, ambako watoto watatu wa Ruponda walikuwa wanasubiri kuchomwa kidole.