Kaka yangu kanywa finjani moja tu akaondoka

Mwanangu wa miaka minne kaingia sebuleni leo akikata kiuno, mkono kaulegeza, sauti kaibana puani.

Anamuiga yule mwimbaji tunayempenda sote, kwenye video yake anamowakejeli wanaume wapole na kuwaita mahanithi.

Watu wakacheka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akamgeukia kaka yangu Nassor: "Haya, umepata mwenzio."

Nassor ana sauti laini tangu utoto. Kila Ijumaa huja kwetu hapa mjini Sib na hunywa kahawa finjani tatu. Leo kanywa moja, akaitikisa, yaani asitiliwe tena. Akavaa viatu akaenda zake.

Nikamwambia wifi, umemtia mtu aibu nyumbani kwangu.

"Aa, kwani nimesema nini? Nyimbo za huyo mwimbaji si tamu? Mengine muachie mwenyewe."

Jamani, mtoto hakushika wimbo hata mmoja. Kashika kejeli.

Na hasira zangu nyingi ni juu yangu, maana video hiyo nilikuwa namuekea mimi ili ale wali wake. Na nilikuwa nacheka.

Nimeifuta. Na nyimbo zake pia, hata ile niliyoingilia ukumbini siku ya harusi yangu. Nyie mngeziweka?

Mtoto mdogo, atafundishika, inshallah. Lakini Nassor nimempigia weee, hapokei, na hapa nilitaka kumuandikia kuwa

Ngojeni, mama ananiita, Nassor yupo kwenye simu yake, anasema mtoto asipigwe. Naenda kuongea naye.