Mchanga wa Kukaanga

“Wewe unayeuliza kila kitu, mbona hili hukuniuliza?”

Babu aliniuliza hivyo akiwa amelazwa hospitalini, nyonga imevunjika. 

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kuhamia kwake Mengo, maana tangu bibi afariki aliishi peke yake. Sebuleni alitundika picha ya injini ya mvuke, mojawapo ya zile za zamani zilizovuta treni za kasi Uingereza. Gurudumu lake kubwa lilipita kimo cha mtu. Babu alifanya kazi kwenye karakana ya reli ujana wake wote, lakini injini ile haikuwahi kufika Uganda. Siku ya kwanza tu nilimwambia: reli zetu ni nyembamba mno, isingepita.

“Nani kasema ilipita, mama digrii?” Akacheka. “Huyo ni mwalimu wangu.”

Nilijiona nimeshashinda, sikuuliza zaidi.

Chini ya picha aliweka kopo la mchanga. Kiangazi kile nilimwona mara mbili akichota mchanga uani na kuukaanga kwenye sigiri ya makaa, akiugeuza kwa mwiko mpaka ukatiririka kama unga. Shangazi, aliyekuja kututembelea kutoka Lubaga, alimkuta hapo akanivuta pembeni.

“Mzee anakaanga mchanga! Hayo ni mambo ya waganga. Na wewe msomi unaangalia tu?”

Mimi siamini waganga. Lakini niliona haya kuishi na mtu anayewaamini. Alhamisi, babu akiwa msikitini, niliumwaga mchanga wote chini ya migomba. Aliporudi alilitazama kopo.

“Nimetupa ule uchafu,” nikasema.

“Kale,” akajibu, yaani haya. 

Kesho yake mvua ya kwanza ilinyesha tangu alfajiri. Njia ya kutoka kwetu hushuka barabarani kwenye udongo mwekundu, na ukilowa huteleza kama sabuni. Babu alivaa kanzu na koti kwenda sala ya Ijumaa. Nikiwa mlangoni nilimwona akisimama penye mteremko, akatia mkono mfukoni mwa koti kama alivyozoea, akautoa mtupu. Aliutazama. Kisha akashuka hivyo hivyo. Nilisikia fimbo yake ikigonga jiwe kabla sijamwona ameanguka.

Hakuenda tena msikitini kwa miguu yake. Siku za Ijumaa nilimsogezea kiti dirishani, akasikiliza adhana huku amenipa kisogo.

Alikwisha kuzikwa nilipokuja kusoma habari za injini ile. Gurudumu lake liliteleza reli zikilowa, treni nzima ikakwama mlimani, mpaka watu walipobuni namna ya kupulizia mchanga mkavu chini yake. Tangu hapo kila karakana ya reli, hata ile ya babu, ilikuwa na mtu wa kukausha mchanga kwa moto.