Pua ya Kuazima

Dobi wa hospitali alirudi nyumbani jioni ile akiwa hoi bin taabani. Kutwa nzima alikuwa amesimama mbele ya mashine za kufulia, akitoa mashuka mazito kwa maji na kuyasukuma kwa toroli, na miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vinambana. Alichotaka duniani ni kitanda. Lakini kabla hajavua hata kiatu kimoja, mumewe akatokea mlango wa nyuma na ndoo mkononi.

"Pole na kazi, mama. Hebu ninusie hii."

Mumewe alikuwa fundi wa kupuliza rangi ya magari. Miaka na miaka aliipuliza, amejifunga kitambaa tu mdomoni, na rangi ikamlipa kifua kibovu na pua iliyokufa kabisa. Gereji ikampa mkono wa kwaheri, naye akaja kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha. Akakaa kweli. Asubuhi mkewe anamwacha hapo, jioni anamkuta hapo hapo, chai imepoa na kufanya utando. Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kulialia, lakini kile kiti alikichukia kama mke mwenza.

Kilichomtoa mzee kitini ni mavi. Tuseme ukweli tu, samadi ni jina la heshima. Jirani wa chumba cha pili alifuga sungura na hakuwa na pa kutupa uchafu wao; fundi akaumwaga nyuma ya bafu, na pale pakaota mchicha wenye majani mapana kuliko kiganja. Basi mtu akapagawa. Mavi ya popo akayafagia kwenye dari ya ghala kuukuu, ya farasi akayaomba zizini, ya njiwa akayakwangua kwenye mabanda ya watu. Ndoo zikapangwa ukutani, kila moja imeandikwa kwa chaki jina la mnyama wake. Majirani wakambatiza Bwana Ndoo. Mkewe walimwonea huruma, na yeye mwenyewe alijionea.

Sasa, mavi ya sungura unayaweka hata yakiwa mabichi. Ya njiwa ni makali, yakiwa mabichi yanaunguza mmea. Unayachanganya na majani makavu, unayafunika, unangoja. Yakiwa bado, yanakupiga puani mpaka machozi yanatoka. Yakishaiva, yananukia udongo uliopata mvua. Na pua ya kujua hilo, nyumba nzima, ilikuwa moja tu, nayo ilishinda kwenye mvuke wa dawa ya mashuka.

"Kila jioni, baba? Kila jioni?"

"Kidogo tu, mama. Miche ya nyanya inaningoja."

Jioni ile mkewe hakunusa. Aliinamisha kichwa juu ya ndoo, akabana pumzi, akasema, "Imeiva. Weka." Kisha akaenda kulala.

Siku chache baadaye aliporudi kutoka kazini, hakukuta mtu mlangoni. Alizunguka nyuma ya bafu. Miche yote ilikuwa imejikunja, majani yameungua kingo, miche ambayo mumewe aliikuza tangu mbegu kwenye makopo ya maziwa, akiyahamisha makopo kufuata jua. Alipoingia ndani alimkuta kwenye kiti cha plastiki, kando ya dirisha. Chai ilikuwa imefanya utando.

"Nimeunguza," alisema bila kugeuka. "Nadhani nilizidisha. Kazi hizi zina wenyewe, mama. Kesho namwaga ndoo zote."

Roho ilimsuta mkewe. Kwanza alijitetea kimoyomoyo: nani angekuwa na nguvu za kunusa mavi baada ya kutwa kama ile? Hakuna. Na nyanya zimekufa vile vile. Angeweza kunyamaza tu, ndoo zikaondoka, majirani wakapumua, na jioni zake zikawa zake. Usingizi huo aliutamani, Mungu anajua. Lakini alikitazama kile kiti akaona wazi kwamba safari hii mzee hatainuka tena.

"Hukuzidisha," alisema. "Mimi sikunusa. Nilibana pumzi nikakwambia imeiva ili nikalale."

Mumewe aligeuka taratibu, akamtazama. Mkewe alingoja afokewe, na angepokea.

"Ulikuwa umechoka hivyo?"

"Mpaka sasa nimechoka."

Akatoka nje akijikaza kisabuni, akaibeba ndoo ya njiwa, akaja kuitua katikati ya chumba, mbele ya kiti. Akaifunua, akainama, akavuta pumzi mpaka mwisho. Machozi yakamtoka, na si yote yaliyokuwa ya mavi.

"Bado," alisema akikohoa. "Bado kabisa."

Mzee akainuka, akashika kishikio cha ndoo.

"Basi naongeza majani makavu. Kesho utaninusia tena?"

"Kesho nitanusa nikiwa nimekaa," alisema mkewe, akajitupa kwenye kile kiti cha plastiki, maana sasa kilikuwa wazi.