Farasi Wapo Kila Jumapili

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa Ijumaa ya baridi kambini, kwenye uwanja wa maonyesho hapa Eldoret. Mvua ilikuwa imetunyeshea usiku kucha, na mama mkwe wangu alikuwa akikohoa ndani ya hema tangu alfajiri. Nilikuwa bado kijana, mama wa mtoto mmoja, Nelima. Tulikimbilia pale baada ya chumba chetu cha kupanga mtaani Huruma, mji huu huu, kuchomwa, wakati wa ghasia za uchaguzi. Sisi ni watu wa Bungoma, hatukuwa tukitafutwa. Lakini ploti tuliyopanga ilikuwa ya mtu wa kabila lililotafutwa, na moto haumuulizi mpangaji kitambulisho. Mama mkwe, maskini, alikuwa amekuja kututembelea Krismasi tu.

Nakwambia haya kwa sababu nimewasikia wewe na wenzako mkibishana juu ya dau la farasi, kwamba faida iko wapi: kwenye maduka ya kamari mjini au kwenye uwanja wa mbio kule Nairobi. Mambo hayo nayaelewa kidogo. Niliolewa na mtu aliyeyaelewa sana.

Mume wangu Wafula alikuwa saisi Nairobi kabla hajanioa. Aliwalisha farasi, akawasugua, akawatembeza asubuhi, mpaka mmoja alipompiga teke la nyonga akarudi huku kubeba magunia. Lakini mbio hazikumtoka moyoni. Dau alilolipenda ni lile gumu, la kutaja farasi watatu wa kwanza kwa mpangilio wao. Tukila jioni alikuwa akinieleza. Uwanjani, alisema, pesa za watu wote hutiwa chungu kimoja. Wenye uwanja huchota chao, kinachobaki hugawanywa kwa walioshinda. Kwa hiyo mtu akichagua farasi ambao wengi wamewadharau, na wakaja mbele, wanaogawana ni wachache na kila mmoja anashiba. Dukani sivyo. Bei hupangwa na mwenye duka, na kwa kuwa umetaja farasi watatu, bei ya kila mmoja imekatwa kidogo kabla hajainua mguu. "Tena ni farasi wa ng'ambo, wa kwenye televisheni," alikuwa akisema. "Mimi siwezi kumchezea farasi ambaye sijaona anavyokanyaga."

Sasa, Ijumaa hiyo alikuja Mzee Hassan, Msomali mwenye malori yaliyokuwa yakichukua mahindi Moiben. Ndiye aliyekuwa amemwandika Wafula kazi. Alikuwa amemletea mshahara uliobaki kabla ya ghasia, na habari njema pia.

"Kesho lori linaenda Bungoma," alisema. "Mama akae mbele na dereva, nyinyi nyuma. Sitaki nauli."

Nilianza kukunja blanketi papo hapo. Wafula akainama akatazama viatu vyake.

"Mzee, asante. Lakini tungoje Jumanne. Mbio zimeanza tena Nairobi, na mvua imenyesha. Najua farasi wanaopenda matope, na watu wa Nairobi hawajui. Nitafikaje nyumbani hivi? Miaka yote hii Eldoret, nirudi na sufuria moja? Mkono mtupu haulambwi."

Ndani ya hema kikohozi kikaja tena.

"Umesikia hiyo?" Mzee Hassan akauliza. "Kamari ni haramu, lakini leo sikuambii hilo, dini yako si yangu. Nakwambia hivi: farasi wapo kila Jumapili. Mama ni mmoja."

"Kawia ufike, Mzee," Wafula akasema.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Mzee akamjibu, akaondoka.

Methali nazo, mwanangu, kila mtu huchota ile inayomfaa.

Nilimwambia mama mkwe twende sisi na mtoto, Wafula atatufuata. Akakataa kabisa. "Nikifika bila yeye, watu wataanza kulia kabla sijashuka," akasema. "Siku hizi mtu akikosekana kwenye gari, wanajua ameuawa. Siwezi kuwapelekea watu kilio cha uongo. Nitamngoja." Basi lori likaenda bila sisi.

Wafula akaenda Nairobi. Na alishinda, mwanangu. Hilo ndilo watu hawaliamini nikisimulia, wanataka niseme alipoteza. Alisimama mahali wanapozungushwa farasi kabla ya mbio, akawatazama kwato na mapaja, akachagua watatu ambao karibu kila mtu aliwapuuza. Wakaja vilevile alivyowapanga. Chungu kikagawanywa kwa watu wachache, naye akiwa mmoja wao.

Jumatatu asubuhi nilipompelekea mama uji, nilimkuta amelala upande, mkono chini ya shavu. Nilimwita. Nilimgusa. Nelima alikuwa nyuma yangu ameshika kikombe, nikamwambia aende kwa jirani akacheze.

Wafula alifika mchana, baridi ya njiani Timboroa bado iko kwenye koti lake, amebeba blanketi jipya zito. Alianza kuniita akiwa mbali. "Mama Nelima! Nilisema! Si nilisema?" Kisha akaona kina mama wameketi chini nje ya hema letu. Akasimama katikati ya njia, mvua ikinyesha juu ya lile blanketi, mpaka mtu mmoja akaenda akamshika mkono.

Zile pesa zilinunua jeneza na chakula cha matanga. Mzee Hassan akatoa lori tena. Hakumlaumu, na nadhani Wafula angependa amtukane.

Ungefikiri hapo aliacha. Tuliporudi Eldoret tukapata chumba kingine, na Wafula akaanza kwenda duka la kamari mjini, kwa wale farasi wa televisheni, wa nchi ambazo hajui hata mvua yake. Alikuwa akiondoka kazini anaketi pale mpaka wanafunga. Miaka ikapita hivyo. Siku moja nilimfuata, nikamwambia, "Wewe ndiwe uliyenifundisha. Hapa bei ni yao. Hapa hakuna kitu. Unatafuta nini?"

Aliendelea kutazama televisheni. Akasema, "Mama Nelima, humu ndani kuna kelele. Simsikii akikohoa."

Sikumuuliza tena. Aliugua, akafa, tukamzika kando ya mama yake, na mpaka leo sijui kama wamepatana.

Basi, mwanangu, sikudanganyi kama wanavyowadanganya wengine. Faida unayoitafuta ipo. Kama umewaona farasi kwa macho yako, uwanja ni afadhali kuliko duka. Alinifundisha hivyo, na alishinda hivyo. Lakini ukiweka dau, pesa si kitu pekee unachokiweka pale mezani. Uliza ni nani amebaki hemani akikungoja, kwa maana huyo hajaandikiwa bei na mtu yeyote. Tena tazama vizuri ni nini kinachokusukuma. Wafula hakusukumwa na tamaa. Alisukumwa na aibu, aibu ya kufika kwao bila kitu. Kwao hakuna aliyekuwa akingoja kitu. Walikuwa wakingoja watu.

Ukiitwa nyumbani, nenda na mikono hiyo hiyo mitupu. Aibu ya kurudi bila kitu huisha kabla sahani ya ugali haijaisha. Ile ya kuchelewa sijaona mwisho wake.

Mungu akupe miguu myepesi ya kurudi kwenu. Akukutanishe na wako wakiwa bado wanaweza kukugombeza. Na siku utakapobisha mlango, uitikiwe na sauti unayoijua.