Stesheni Tuliyoshushwa

Mwaka jana, mwezi mmoja baada ya kustaafu ualimu, mwenyekiti wa kijiji alinijia nyumbani na ombi. Kijiji kilitaka jengo la stesheni ya zamani ligeuzwe zahanati, na barua ya maombi ilihitaji maelezo mafupi ya historia yake. Alisema mimi nina mwandiko mzuri na nina muda. Nikakubali.

Stesheni ni ndogo, iko kati ya Usoke na Urambo. Ina chumba cha tiketi, chumba cha abiria na stoo. Kuta zake za mawe zilijengwa na Wajerumani walipokuwa wakiipeleka reli Kigoma, karibu na njia waliyopita wapagazi wa misafara kabla yao. Nyuma kuna tangi la maji la enzi za injini za mvuke, limetoboka kwa kutu. Hapo ndipo tumbaku, asali na nta za vijiji vyote vya jirani zilipopakiwa. Kisha barabara ikatengenezwa, malori yakachukua mizigo, na treni ikaacha kusimama. Bado inapita, ila haipunguzi mwendo. Mabati ya upande mmoja yameng'olewa, na mbuzi hujikinga mvua kwenye chumba cha abiria.

Mimi mwenyewe niliingia maisha ya huku kupitia stesheni hiyo. Nilikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumekimbia Burundi, tukapakiwa kwenye treni Kigoma, tukashushwa pale, na malori yakatupeleka Ulyankulu kwenye makazi ya wakimbizi. Baba hakuwa nasi, na hakuwahi kufika. Sikumbuki lolote la siku ile. Ninachojua ni kile kilichosimuliwa nyumbani, kwamba mama alishuka na watoto wanne na mizigo, akamsahau dada yangu mkubwa aliyekuwa amelala ndani ya behewa. Dada alikuwa na miaka minane. Treni iliondoka naye hadi Tabora, akaugulia huko, na hatukumwona kwa miezi miwili. Aliporudi alikuwa amevaa gauni jipya na amejifunza Kiswahili. Alimwamkia mama, "Shikamoo," na mama, ambaye alijua Kirundi tu, hakujua ajibu nini.

Kwa miaka mingi kisa hicho kilikuwa cha kuchekesha wageni. Dada hakucheka sana. Siku moja, tukiwa watu wazima, waligombana na mama mbele ya ndugu kwa jambo dogo la arusi, na dada akasema, "Siku ile sufuria ulizikumbuka zote." Mama alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuuchambua. Alifariki bila kulijibu neno lile.

Basi, nilipomaliza kuandika habari za mawe na tangi, nilitafuta mtu aliyefanya kazi pale. Amebaki mmoja. Kazi yake ilikuwa kugeuza reli ili treni zipishane, na kupeperusha bendera. Sasa ni mfugaji nyuki, anaishi kwa binti yake njia ya Usoke. Nilimkuta uani akiranda kifuniko cha mzinga. Nilimpa shikamoo, nikamweleza nilichofuata. Alinieleza vizuri, kwa mpangilio: nani alikuwa stesheni masta, mizigo ilipimwa wapi, mwaka gani wa njaa mahindi yaliletwa kwa mabehewa. Nikamuuliza kuhusu wakimbizi. Alisema walishushwa pale kwa siku kadhaa, na kwamba ofisa aliyewasimamia alitoa amri asiruhusiwe hata mmoja kuendelea na treni hadi Tabora.

"Hata wagonjwa?" nikauliza.

"Hata wagonjwa. Tuliambiwa daktari atakuja makambini." Akaweka randa chini. "Kulikuwa na mama mmoja na watoto wake. Binti yake mkubwa alikuwa akiungua homa, shingo imekakamaa. Mimi nilikuwa nimemzika mdogo wangu kwa ugonjwa wa namna hiyo. Nikajua hafiki Ulyankulu."

Alizungumza na gadi wa treni, kijana mwenzake. Wakakubaliana wamlaze kwenye behewa la mwisho, la gadi, chini ya magunia matupu, na gadi amfikishe hospitali ya Kitete, huko Tabora. Mama hakuelewa Kiswahili, ikabidi mkimbizi mwingine atafsiri. Alimtazama binti yake, akawatazama wale wadogo, akaitikia kwa kichwa.

"Nikamwambia, ukiulizwa, sema umemsahau. Ukisema vingine tutafukuzwa kazi sote wawili. Usimwambie mtu yeyote, hata watoto wako." Akaendelea, "Sikumwambia mpaka lini, mwalimu. Mimi nilihama, wao wakaenda zao. Siri ile sikuipa mwisho."

Nilimwambia kwamba yule alikuwa mama yangu. Aliniuliza kama binti alipona. Nikamjibu kwamba alipona, ana wajukuu Tabora. Aliitikia, akaniomba radhi kwa sababu ambayo hakuitaja, na sikumlazimisha aitaje.

Nilimpigia dada jioni ile ile. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema anakuja. Alifika Jumamosi na basi la asubuhi, tukaenda pamoja. Mzee alikuwa amevaa shati safi. Dada alimshukuru, akauliza habari za gadi, akaambiwa alikwisha kufariki. Akauliza kama mama alilia siku ile.

"Hakulia," mzee alisema. "Alivua kitenge alichokuwa amejifunga, akamfunika nacho. Akabaki na nguo ya ndani mpaka akapewa kanga na mke wa stesheni masta."

Dada alisema alikikumbuka kitenge hicho. Wauguzi walikichoma kwa ajili ya ugonjwa. Siku zote alidhani kilikuwa cha mtu mwingine.

Tuliporudi alikaa kwangu siku tatu. Aliniuliza mara moja kwa nini mama hakumwambia hata walipogombana, wakati stesheni ilishafungwa na hakuna wa kufukuzwa tena. Nilimjibu kwa kukisia. Labda hakupata habari kwamba imefungwa. Hakupenda kupita upande ule. Labda aliona ahadi ni ahadi. Dada alisema, "Mimi ningesema." Baadaye akasema hana hakika.

Katika barua ya kijiji niliandika kwamba stesheni iliwahi kupokea wakimbizi na kwamba wafanyakazi wake waliwasaidia. Mwenyekiti aliona inatosha, akapiga muhuri. Majibu bado hayajaja. Dada humpelekea mzee sukari na sabuni kila anapokuja huku, na siku hizi anakuja mara nyingi kuliko zamani.