Mkanda wa Meneja

Mtaani walimwita Meneja, kwa kuwa alitembea tumbo mbele, mabega nyuma, kama mtu aliyetoka kusaini hundi. Hundi hakuwa nayo, wala kitambi. Alikuwa mkata nguo, na misuli ya nyonga na mapaja yake ilikuwa ikiisha mwaka hadi mwaka, ugonjwa ule ule uliomlaza dada yake. Akianguka, aliinuka kwa kujipanda mwenyewe kama ngazi: mikono sakafuni, magotini, mapajani, mpaka juu. Halafu anajipangusa vumbi na kuuliza, "Nani amesogeza sakafu?"

Watu wanavunjika mbavu. Mkewe, ambaye cherehani yake ilitazamana na meza ya kukatia, hakucheka hata chembe.

"Unawachekea, wao wamekufanya sinema!"

"Waache, mama watoto. Bora sinema kuliko msiba."

Mwanaume yule alitaka kitu kimoja tu: aendelee kukata nguo akiwa amesimama. Mkata nguo aliyekaa, alisema, ajiite mshona vifungo. Kwa hiyo hakukosa mazoezi ya viungo hospitalini. Binti aliyemhudumia alimfundisha kunyoosha vifundo vya miguu, kupumzika kabla ya kuchoka, na kuacha kujikaza kama vijana wa kuinua vyuma.

Siku moja binti yule akaagiza kwamba mara ijayo aje na mkewe. Mke akasema ana kazi ya haraka, mume aende tu.

Kazi yenyewe ilikuwa siri: alikuwa akimshonea mkanda. Nguo ikikaa vibaya mwilini, unaibana mahali pake, basi. Na mgongo uliobinuka kwa nini usibanwe? Akachukua turubai, akalitia bitana laini, akapenyeza vipande vya plastiki alivyokata kwenye ndoo kuukuu, akaweka kamba za kukazia. Mume aliporudi alisimama kidogo mlangoni, kisha akaingia.

"Vua shati," mke akamwamrisha.

"Mama watoto, yule binti leo kaniambia..."

"Yule kila siku anaambia. Vua!"

Akavua. Mke akamfunga, akakaza kamba, akarudi nyuma kumtazama. Mgongo ulinyooka kama rula. Alikuwa kijana yule yule aliyemwoa, jamani, shingo na kila kitu. Machozi yakamlenga.

"Haya, toka nje wakuone."

Mume alimtazama, akatabasamu, akatoka.

Mpiga pasi wa duka la jirani akapiga makofi. "Lo! Meneja kafukuzwa kazi!"

Meneja akacheka. Kucheka kulimtikisa, goti likalegea, na safari hii hakuweza kujitupa nyuma kama alivyozoea. Alikwenda mbele mzima mzima, kama kabati, juu ya ukingo wa baraza. Mfupa wa paja ulilia hadi kwa mpiga pasi.

Hospitalini binti wa mazoezi aliugeuza mkanda mikononi, taratibu, akiutazama ushonaji.

"Shangazi, kule kubinuka ndiko kulikomsimamisha. Nyonga hazina nguvu, kwa hiyo anauegemeza mwili nyuma usije ukamwangusha. Ukimnyoosha, umemwondolea nguzo."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia yeye. Na wewe nilikuita."

Mke akakaa chini pale pale sakafuni. "Atasimama lini?"

"Mfupa utaunga. Lakini misuli ya ugonjwa huu ikilala wiki nyingi, hairudi ilivyokuwa." Akainama, akamshika mkono. "Sidhani kama atasimama tena, shangazi."

Na hakusimama. Nyumbani, mke ndiye aliyeshika kazi ya kunyoosha vifundo, asubuhi na jioni: kiganja chini ya kisigino, unasukuma polepole, unangoja, unaachia. Wiki nzima ikapita hivyo. Ndipo akauliza, bila kuinua uso:

"Ulijua. Kwa nini ulivaa?"

Mume alitazama dari. "Nilifika mlangoni nikakusikia unaimba. Tangu nianze kuanguka, sijakusikia ukiimba."

"Ungenikatiza! Ungenifokea, ungenitukana, ungeutupa dirishani!"

"Nilidhani nitavaa mpaka barazani tu," akasema. "Nirudi, nivue."

 Mke akauweka chini mguu wa kwanza, akashika kisigino cha pili.